Ngazi Isiyofika: Kiinimacho cha Escher na Kiondo cha Mbeere

Ukiona vyaelea, vimeundwa, walinena wahenga. Methali hiyo imezoeleka kuhusishwa na vyombo vya baharini, lakini inafaa pia kwa vile vitu ambavyo jicho huviona vikielea ilhali haviwezi kuelea kamwe. Kiswahili kina neno mahsusi la vitu hivyo: kiinimacho. Sokoni, mwenye mazingaombwe hugeuza karatasi kuwa noti, na watu wazima wakasahau walichotumwa kununua. Neno lenyewe linamtaja mshtakiwa waziwazi. Linalodanganywa ni jicho, tena katika kiini chake.

Yupo msanii mmoja wa Uholanzi aliyeifanya kazi hiyo bila kuficha kitu mkononi. Mwaka 1960 alichapa picha ya jengo kubwa ambalo juu ya paa lake pana ngazi ya mraba. Wanaume waliovaa majoho kama ya watawa wanaizunguka ngazi hiyo kwa safu mbili. Safu moja inapanda, nyingine inashuka. Mtazamaji akimfuata mmoja wa wanaopanda, atamwona akiinua mguu kidato baada ya kidato, pembe baada ya pembe, hata anaporejea palepale alipoanzia, na bado hajapanda hata inchi moja. Akizichunguza pembe nne moja moja, hataona kosa. Kila kidato kimechorwa inavyostahili. Kila hatua ni ya kweli, ila jumla yake ni uongo. Picha hiyo inaitwa "Kupanda na Kushuka," na mchoraji wake ni Maurits Cornelis Escher.

Kijana mmoja aliyezaliwa upande wa Siakago, katika nchi kavu ya Mbeere huko Embu, aliikuta picha hiyo katika kitabu kilichochakaa kwenye maktaba ya chuo kikuu. Alikuwa mwaka wa pili, akisomea ualimu wa Kiswahili. Kitabu kilikuwa kimewekwa katika rafu isiyo yake, kati ya vitabu vya hisabati, na huenda asingekigusa lau angejua kilihusu nini. Kwa miaka mingi kijana huyo alikuwa amebeba jina alilopewa na wenzake tangu shule ya upili: mtu wa lugha. Katika shule nyingi za Kenya jina hilo lina maana ya pili isiyosemwa kwa sauti. Mtu wa lugha ni yule aliyekimbia hesabu. Chini ya mfumo wa 8-4-4, Kiswahili na Hisabati yote yalikuwa masomo ya lazima katika mtihani wa kidato cha nne, lakini wanafunzi waligawanywa mapema kana kwamba akili nazo huzaliwa na mpaka: ng'ambo hii wenye mashairi, ng'ambo ile wenye milinganyo. Kijana wa Siakago alikuwa ameukubali mpaka huo, kama mtu anavyoukubali mto uliomkuta kijijini.

Kilichomshangaza kitabuni ni wasifu wa mchoraji. Escher, ambaye kazi zake hutundikwa katika ofisi za wanahisabati duniani kote, alikuwa mwanafunzi dhaifu wa hisabati. Alizaliwa mjini Leeuwarden tarehe 17 Juni 1898, mwana wa mhandisi. Shuleni Arnhem alirudia darasa, na hatimaye akaanguka mtihani wa mwisho. Mwaka 1919 alikwenda Haarlem kusomea usanifu wa majengo. Huko mwalimu wa sanaa, Samuel Jessurun de Mesquita, alizitazama kazi zake na kumwelekeza kwenye uchoraji wa chapa. Mwalimu huyo alikuwa Myahudi. Mapema mwaka 1944 alikamatwa na Wanazi, akauawa Auschwitz, na Escher akawa miongoni mwa watu waliookoa michoro iliyobaki nyumbani kwake. Hadi alipofariki tarehe 27 Machi 1972, mwanafunzi huyo aliyeanguka mtihani alikuwa ametengeneza chapa 448.

Uchoraji wa chapa ni kazi ya subira. Msanii huchonga ubao, au huchora juu ya jiwe lililosawazishwa, kisha hupaka wino na kubana karatasi juu yake. Kinachotoka karatasini ni kinyume cha kilichochongwa: kulia huwa kushoto, na sehemu ya ubao iliyokwanguliwa hubaki nyeupe. Kwa hiyo mchongaji hulazimika kufikiri kwa kinyume siku nzima. Pengine ndiyo sababu Escher alizoea kukitazama kile ambacho wengine hawakitazami, yaani nafasi iliyobaki baina ya vitu. Katika "Mchana na Usiku," chapa ya mwaka 1938, mashamba yanayoonekana kutoka juu hupanda angani yakigeuka ndege. Ndege weupe wanaruka kuelekea usiku, ndege weusi kuelekea mchana, na nafasi iliyo kati ya ndege wa rangi moja ndiyo mwili wa ndege wa rangi nyingine. Hakuna mahali palipoachwa tupu.

Ufundi huo Escher hakuubuni peke yake. Mwaka 1922, na tena mwaka 1936 akiwa na mkewe Jetta, alizuru kasri la Alhambra mjini Granada, Uhispania, lililojengwa na watawala Waislamu. Katika ziara ya pili waliketi siku kadhaa wakinakili vigae vya kutani, ambavyo maumbo yake hushikana na kujirudia bila kuacha mwanya. Msomaji anayeujua upwa wa Waswahili hatauona ufundi huo kuwa mgeni sana, kwa kuwa hata pindo la kanga huzunguka kitambaa kwa umbo moja linalojirudia kwa kipimo. Escher aliporejea nyumbani alijaza daftari samaki, mijusi na ndege wanaoshikana kama vile vigae. Kaka yake Berend, profesa wa jiolojia, ndiye aliyemwambia kwamba michezo hiyo ina jamaa katika sayansi ya fuwele, akamwelekeza kwenye makala za wataalamu. Mojawapo ilikuwa ya mwanahisabati George Pólya, ya mwaka 1924, iliyoonyesha kwamba ziko njia 17 tu za kurudiarudia umbo ili kuujaza uso bapa katika pande zote. Nadharia iliyomo ilimpita kando. Michoro 17 iliyoambatana nayo aliinakili yote, akaitumia.

Kijana wa Siakago alifunga kitabu akiwa na swali ambalo mhadhiri yeyote wa fasihi angelifurahia: je, mtu aweza kulijua jambo asilokuwa na maneno yake?

Jibu lilikuwa nyumbani kwao, likining'inia ukutani.

Nyanya yake alikuwa msusi wa vyondo. Ususi huo ni wa zamani katika nchi za Embu, Meru na Ukambani. Hapo awali nyuzi zilitokana na magome ya vichaka, na katika nyanda kavu, ikiwemo Tharaka, zilitoka kwenye gome la mbuyu. Baadaye katani ikachukua nafasi kubwa, na nyuzi za viwandani zikaingia. Msusi husokota nyuzi kwa kiganja juu ya paja. Huanza na kitako: nyuzi chache zinapishana katikati na kutawanyika pande zote kama miali ya jua. Hizo ndizo mtande. Kisha nyuzi mbili za mshindio huzunguka, zikipishana mbele na nyuma ya kila uzi wa mtande. Kitako kinapopanuka, mitande mipya huongezwa, hadi msusi aone kwamba upana umetosha. Hapo huacha kuongeza, na kuta za kiondo huanza kusimama.

Katika hatua hiyo ya kuacha kuongeza ndipo hisabati ilipojificha. Tuseme mshindio mmoja ni mweusi na mwingine mweupe, na kila mmoja hujitokeza mbele kwa zamu. Idadi ya mitande ikiwa shufwa, kwa mfano 120, mzunguko mzima ukiisha mweusi utaangukia juu ya mweusi na mweupe juu ya mweupe, na kiondo kitapata mistari iliyosimama. Mtande mmoja ukiongezwa, idadi ikawa witiri, 121, basi mweusi utaangukia juu ya mweupe, na kiondo kizima kitakuwa na madoadoa kama ubao wa drafti. Uzi mmoja, usioonekana na mnunuzi, hubadili sura yote. Hali kadhalika, msusi anayetaka pembetatu zenye upana wa mitande minane hawezi kuanza na mitande 124, kwa kuwa 124 ikigawanywa kwa 8 hubakiza 4. Mwishoni mwa mzunguko atajikuta na nusu ya pembetatu isiyo na mwenzake. Kwa 120 pembetatu 15 hukutana bila kasoro. Kiondo ni duara, na duara halina mahali pa kuficha baki.

Vitabu vya hisabati vya shule ya upili huyaita mambo hayo uakisi, mzunguko, vigawe na baki. Kijana huyo alikuwa amechora uakisi kwenye karatasi ya miraba akiwa kidato cha pili, na matriki za kugeuza maumbo akiwa kidato cha nne, akapata alama alizopata. Katika miaka hiyo yote alibeba vitabu vyake ndani ya kiondo, na hakuna mwalimu wala mwanafunzi aliyewahi kukitazama kiondo chenyewe.

Alipofika likizo alikuta nyanya hatazami vizuri. Mtoto wa jicho alikuwa ametanda pande zote mbili, na daftari la kliniki lilionyesha kwamba alikuwa kwenye foleni ya upasuaji. Lakini kazi ilikuwa inaendelea. Aliketi chini ya mwembe, miguu ameinyoosha, vidole vikitembea juu ya mtande kama vya mtu anayesoma. Mjukuu alimwonyesha nakala ya picha ya Escher, kisha akatambua kwamba anamwonyesha asiyeona. Akaanza kumweleza kwa maneno.

"Ni ngazi, nyanya. Watu wanapanda, wanazunguka, halafu wanarudi pale pale walipoanzia."

"Wameshuka wapi?"

"Hawakushuka. Wamepanda tu."

Bibi kizee alinyamaza kidogo, vidole navyo vikanyamaza. "Mjukuu wangu," akasema kwa Kimbeere chake cha taratibu, "huyo aliyewachora hakuwagusa. Angewagusa angejua mmoja hayupo mahali pake."

Maneno hayo yanabeba ukweli ambao wanasaikolojia walihitaji makala kueleza. Ngazi ya Escher ilitokana na mchoro uliochapishwa mwaka 1958, katika jarida la saikolojia la Uingereza, na Lionel Penrose pamoja na mwanawe Roger, ambaye mwaka 2020 alipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Roger alikuwa ameziona kazi za Escher mwaka 1954, kwenye maonyesho yaliyoandaliwa Amsterdam sambamba na kongamano la kimataifa la wanahisabati, na kurudi kwao akiwa na hamu ya kubuni maumbo yasiyowezekana. Yeye na baba yake walichapisha pia pembetatu ya mihimili mitatu inayoshikana kwa namna isiyokubalika. Mchoraji wa Uswidi, Oscar Reutersvärd, alikuwa amekwisha kuchora umbo la aina hiyo mwaka 1934. Baadaye mafundi walionyesha kwamba pembetatu hiyo yaweza kujengwa kwa mbao au chuma, ila si kwa kufungika. Mihimili miwili huachwa wazi, na mtazamaji akisimama mahali pamoja maalumu huiona kana kwamba imeungana. Akisogea hatua moja, uongo huvunjika. Kiinimacho, basi, huhitaji jicho moja lililosimama mahali pamoja. Kidole hakina mahali pamoja. Hupapasa mbele na nyuma, na mwanya hukigusa.

Watu wa Embu wana mfano mkubwa zaidi wa jambo hilo mlangoni mwao. Mwaka 1961 Escher alichapa "Maporomoko ya Maji." Maji yanaanguka kutoka juu ya mnara, yanazungusha gurudumu, kisha yanatiririka katika mfereji wenye kona hadi yanapojikuta tena juu ya mnara uleule, tayari kuanguka. Gurudumu halitasimama kamwe, na hakuna anayelipia. Kusini mwa Embu, Mto Tana hushuka katika ngazi ya kweli. Mabwawa matano yamejengwa juu yake: Kindaruma lilianza kuzalisha umeme mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Maji hupita Masinga kwanza, yakaingia Kamburu, Gitaru, Kindaruma, na mwisho Kiambere. Tone moja hufanya kazi mara tano, na Gitaru, lenye uwezo wa megawati 225, ndilo kituo kikubwa kuliko vyote vya umeme wa maji nchini Kenya. Lakini mara tano ndiyo basi. Likitoka Kiambere tone hilo halirudi Masinga kwa mfereji. Hurudi kwa gharama ya jua, kupitia mawingu na mvua ya Mlima Kenya na Nyandarua. Mvua ikikosekana, taa huzimika Nairobi. Mchoro wa Escher unamfurahisha mhandisi kwa sababu anajua vizuri bei ya kile ambacho picha inakitoa bure.

Na jicho halihitaji karatasi ili kudanganyika kuhusu maji. Mtu akivuka Tana na kuingia Machakos, mashariki mwa mji huo, katika vilima vya Kituluni, atafika mahali panapoitwa Kyamwilu. Maji yakimwagwa barabarani huonekana yakipanda kilima, na gari likiachwa bila gia huonekana likijivuta kwenda juu. Maelezo ya kisayansi ya mahali pa namna hiyo ni kwamba miinuko ya kando humnyima mtazamaji mstari wa kweli wa upeo wa macho, naye akaona mteremko kuwa mwinuko. Kipimo cha seremala kikilazwa chini husema ukweli. Maji yenyewe husema ukweli pia, kwani maji hufuata mkondo. Anayesema uongo ni kilima cha jirani.

Kuna wakati wataalamu walidhani kwamba katika mambo ya namna hii jicho la Mwafrika lina upungufu. Mwaka 1960 William Hudson alichapisha utafiti uliofanywa Afrika Kusini kwa picha ya mwindaji, swala na tembo, akauliza mkuki umeelekezwa kwa nani. Waliojibu kwamba umeelekezwa kwa tembo mdogo aliyechorwa katikati walihesabiwa kuwa hawaoni kina cha picha. Miaka sita baadaye Marshall Segall, Donald Campbell na Melville Herskovits walitoa kitabu kilicholinganisha jamii kadhaa, nyingi za Afrika. Wakaonyesha kwamba kwa ile mistari miwili iliyo sawa, ambayo mishale ya ncha zake huifanya ionekane si sawa, Wamarekani ndio waliodanganyika zaidi, na jamii nyingi za Afrika zikadanganyika kidogo. Walieleza tofauti hiyo kwa mazingira: aliyekulia katika vyumba vyenye pembe za mraba hujifunza kuisoma kila pembe kama kona ya nyumba. Nyumba za jadi za Embu na Meru zilikuwa za msonge, duara lisilo na kona. Maelezo hayo yamepingwa na wengine tangu wakati huo. Mwaka 1972 Jan Deregowski, aliyefanya utafiti Zambia, aliandika kuhusu uma usiowezekana, wenye meno matatu upande mmoja na mawili upande wa pili. Waliozoea kuona kina katika michoro walihitaji muda zaidi kuutazama kabla ya kuuchora, maana ulikuwa ukiwachanganya. Wale wengine, kwao ilikuwa mistari tu, wakainakili bila taabu. Aliyehesabiwa kuwa haoni ndiye aliyeona kilichokuwapo karatasini.

Mwanafunzi wa Kiswahili hana budi kuhifadhi somo hilo, kwa kuwa yeye naye amepimwa mara nyingi kwa kipimo kilichochongwa mahali pengine. Lakini asilifanye ngao ya uvivu. Nyanya wa Siakago hakuwa akikwepa hesabu. Alikuwa akiifanya kila siku, pasi na kosa, kwa vidole. Na hata Escher, aliyedai kutoelewa hisabati, aliifanya kwa mkono wake. Mwanahisabati wa Kanada, Coxeter, alimpelekea makala yenye mchoro wa maumbo yanayopungua kuelekea ukingo wa duara bila kikomo. Maneno ya makala yalimshinda Escher, mchoro aliuelewa. Mwaka 1959 alichapa duara lililojaa samaki wa rangi nne, wakizidi kuwa wadogo hadi ukingoni. Miaka mingi baadaye, Escher akiwa kaburini, Coxeter aliikagua chapa hiyo kwa trigonometria na kuthibitisha kwamba ilikuwa sahihi kwa kiwango cha milimita.

Aidha, mpaka uliochorwa baina ya lugha na hesabu haukuwahi kuwepo katika ushairi wa Kiswahili. Mshairi wa tarbia huandika mishororo minne, kila mmoja mizani 16, nane kwa nane, jumla 64 katika ubeti. Mizani moja ikizidi, msikilizaji aliyezoea hutambua kabla ya kufikiri, jinsi kidole kinavyotambua mtande uliozidi. Vina vya kati na vya mwisho ni rangi mbili zinazopishana. Bahari ya pindu, ambayo wengine huiita mkufu au nyoka, huuanza kila ubeti kwa maneno yaliyoufunga ubeti uliotangulia. Mshairi wa pindu akitaka, aweza kuumaliza ubeti wa mwisho kwa maneno yaleyale yaliyoufungua ubeti wa kwanza. Msomaji atapanda ubeti baada ya ubeti na kujikuta alipoanzia, kama wale wanaume wa juu ya paa. Tofauti ni kwamba katika pindu njia hiyo si ya uongo. Msomaji amerudi kwenye maneno yaleyale akiwa amebeba maana asiyokuwa nayo mwanzoni, kwa hiyo kweli amepanda.

Kijana wa Siakago alipotakiwa kuchagua mada ya utafiti wa mwaka wa mwisho, aliacha mada ya riwaya aliyokuwa ameiandaa, akaomba kukusanya msamiati wa ususi. Alipotetea pendekezo lake aliulizwa swali la haki: huo ni utafiti wa Kiswahili au wa hisabati? Alijibu kwamba Kiswahili kina shufwa na witiri, mtande na mshindio, mizani na vina. Kinachokosekana ni istilahi za kueleza umbo linalojaza uso bila kuacha mwanya, na zile za mzunguko unaofungika na usiofungika. Istilahi hizo zaweza kuundwa mezani na wanakamati. Zaweza pia kuokotwa kwa wale ambao tayari wanazo kwa Kimbeere, Kiembu, Kitharaka na Kimeru, kisha zikasanifiwa, kama Kiswahili kilivyokwisha kukipokea kiondo chenyewe.

Nchi hizo mbili sasa zina vyuo vikuu vyake. Chuka na Meru vilipata hati mwaka 2013, na Embu mwaka 2016. Kutoka malango yao hadi kwa wasusi ni safari ya matatu, wala haihitaji ufadhili mkubwa. Kinachohitajika ni haraka. Serikali ya Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki mwezi Agosti 2017, wengi walikumbuka kiondo, lakini kukumbuka kiondo si kukumbuka jina la kila hatua ya kukisuka. Wasusi wanaojua kwa nini waliishia 120 na wala si 124 ni wazee, na wengi hawajawahi kuulizwa.

Siku ya kwanza ya utafiti, mjukuu aliketi na daftari, akaanza kisayansi: akamwomba nyanya ataje idadi ya mitande. Nyanya alimpokonya kalamu, akaiweka chini, akamkabidhi nyuzi mbili, nyeusi na nyeupe. Akamwambia afumbe macho kwanza, ndipo ahesabu.